Mwembe wa kisasa kwenye kiwanja cha 20 kwa 20: mwongozo kwa aliyetamani cheri Dar es Salaam

Shemeji yangu wa Goba alinunua mche wa cheri kando ya barabara miaka minne iliyopita. Muuzaji alimwapia kwamba ni zile zile nyekundu zinazowekwa juu ya keki. Mche ukakua, ukachanua, ukazaa tunda dogo jekundu lenye mbavu kama kiboga, kali kama ukwaju, na jani lake ukilifikicha linanuka utomvu. Kumbe ilikuwa pitanga, tunda la Amerika Kusini ambalo wauzaji wa miche nao huliita cheri, ingawa halina undugu wowote na cheri yenyewe. Shemeji hakukasirika sana, maana watoto wanazila. Lakini aliniuliza swali ambalo nimeulizwa na wengi tangu video za bustani za Ulaya zianze kuzunguka kwenye simu: ile cheri halisi, tamu, naweza kuipanda hapa?

Huwezi. Yaani kuipanda utaipanda, kula hutaila. Cheri tamu ni mti wa nchi zenye baridi kali. Kila mwaka hupukutisha majani yote na kulala, na ukiwa usingizini huwa kama unahesabu. Aina nyingi hudai saa 700 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 ndipo zikubali kufungua maua. Zipo aina chache zilizozalishwa Marekani zinazoridhika na saa pungufu ya nusu ya hizo. Sasa angalia Dar: usiku wa Julai, ule ambao watu wa Mbagala wanatoa mablanketi, halijoto hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi. Saa zetu za baridi ya cheri kwa mwaka mzima ni sifuri. Hata jamaa zake tunaowaona sokoni, plamu na pichi, wanashushwa kutoka milima ya Lushoto, na matofaa ya nchini yanatoka kwenye baridi ya Njombe na Makete.

Ila wanaolima cheri wana mambo matatu ambayo ningependa mtu wa Dar ayaige. Hawapandi mbegu, wanapanda mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kitawi cha mti unaojulikana. Hawauachi mti uwe mnara, wanaukata ubaki wa kimo cha mtu na ngazi fupi. Na wanajua kwamba mti una msimu wake wa kupumzika, wanauheshimu msimu huo. Mwembe ukitunzwa kwa mambo hayo matatu, kiwanja cha 20 kwa 20 kinatosha kabisa.

Mwembe nao unahesabu

Watu wengi hawaamini nikiwaambia kwamba mwembe nao unahitaji baridi. Si baridi ya cheri. Unahitaji kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Dar ukishuka chini ya nyuzi 20, upepo wa kusi ukivuma na mvua ikiwa imekatika, ncha za matawi zilizokomaa huacha kutoa majani, zikaanza kutoa maua. Baridi kidogo na kiu kidogo, hivyo ndivyo vinavyouambia mti kwamba wakati umefika.

Sasa tazama tunavyofanya majumbani. Tumejenga, tumepanda ukoka, na ukoka unamwagiliwa kila jioni Juni, Julai na Agosti. Mwembe uko katikati ya ukoka huo. Unakunywa, unastarehe, unatoa majani mekundu mazuri ya kupigia picha, halafu mwenye nyumba analalamika kwamba amepewa mche dume. Hakuna mwembe dume. Kila shada la maua ya mwembe lina maua ya kiume na yenye jinsia zote mbili pamoja, na mti mmoja peke yake unaweza kuzaa. Hapo umeizidi cheri, maana aina zake nyingi hazizai bila jirani wa aina nyingine.

Karibu kila ninachosema huko mbele kinarudi hapa: kazi ya mwaka mzima ni kuufikisha mti kwenye Juni ukiwa na ncha nyingi zilizokomaa, halafu kuuacha uone kiu.

Mahali pa kupanda

Kiwanja cha mita 20 kwa 20, nyumba ikishakaa, na chemba, na sehemu ya gari, hubakiza nafasi ya miembe miwili, mitatu kama umebana sana. Chagua mahali penye jua angalau saa sita kwa siku. Kaa mita 4 kutoka kwenye ukuta na nyumba, mita 5 au zaidi kutoka kwenye chemba, na usipande chini ya nyaya za umeme hata kama umeapa kwamba utaukata kila mwaka. Kati ya mwembe na mwembe, mita 5 zinatosha kwa mti utakaopogolewa.

Kabla ya kununua mche, ujue udongo wako. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini, mimina ndoo mbili za maji, urudi kesho yake. Kwenye mchanga wa Kigamboni au Mbweni maji yatakuwa yamepotea kabla hujamaliza kunawa mikono. Hapo shida yako ni chakula na unyevu, utahitaji samadi nyingi na matandazo mazito. Maji yakiwa bado yamesimama kesho yake, kama ilivyo kwenye mfinyanzi na kwenye mabonde ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji, usipande ndani ya shimo. Inua tuta la udongo, nusu mita kwenda juu na upana wa mita 2, upande juu yake. Mwembe huvumilia ukame kuliko miti mingi, lakini mche mchanga ukiogelea wiki tatu za Masika mizizi inaoza.

Halafu kuna chumvi. Visima vingi vya Dar, hasa vya karibu na bahari, vina maji ya chumvi, na mwembe hauipendi. Dalili yake ni kingo za majani kukauka na kuwa kahawia kama zimeunguzwa na pasi, kuanzia majani ya chini yaliyozeeka. Maji ya kisima chako ukiyaonja yakakukumbusha Coco Beach, yapigie deki. Mche umwagilie maji ya bomba au ya mvua uliyoyakinga kutoka kwenye bati. Mvua za Masika husaidia kusukuma chumvi chini ya mizizi, kwa hiyo mti mkubwa huweza kusamehe, mche hausamehi.

Embe gani?

Hapa kila mtu ana dini yake. Mimi nimekulia kwenye dodo na sitakubali kuambiwa kuna embe lililolizidi kwa juisi. Lakini kwa uwanja mdogo na mti wa kukata, aina za kisasa ndizo zilizozoea kazi hiyo, na nitakuambia ninavyozijua.

Apple, lile la duara ambalo wauzaji hulipanga kama mipira, halina nyuzi na ni tamu sana. Inaelekea lilianzia pwani ya Kenya, upande wa Malindi, kwa hiyo hewa ya bahari ni ya kwao. Udhaifu wake ni maradhi ya ukungu. Ukilipanda ujue utafanya kazi wakati wa maua. Tommy Atkins lina ngozi ngumu na rangi ya kuvutia, huvumilia ukungu kuliko Apple, ila utamu wake ni wa wastani na lina nyuzi kidogo. Kent ni tamu, kubwa, halina nyuzi za kukera. Keitt huchelewa kuiva, na hiyo ndiyo faida yake: embe za jirani zikiisha, zako zinaanza. Hayo matatu ya mwisho asili yake ni Florida, Marekani. Alphonso la India lina harufu nzuri kuliko yote, ila halizai kwa wingi kila mwaka.

Ukiwa na nafasi ya miti miwili, panda Apple moja na Keitt moja, utakula kwa muda mrefu. Ukiwa na nafasi ya mmoja na huna muda wa kupulizia dawa, Tommy Atkins haitakuumiza kichwa. Na kama moyo wako uko kwenye dodo au bolibo, tafuta uliobebeshwa, usipande kokwa. Mwembe wa kokwa hukaa miaka sita, saba, hata kumi kabla ya kuzaa, na hauna uhakika wa kufanana na mama yake. Uliobebeshwa huanza mwaka wa tatu au wa nne na tunda lake unalijua tangu siku ya kwanza.

Kununua mche bila kupigwa

Kubebesha ni kuchukua kitawi cha mti unaojulikana na kukiunganisha juu ya mche wa embe la kienyeji, wenye mizizi inayojua udongo wetu. Kwa hiyo mche halali una kovu. Litafute, sentimita 20 hadi 30 juu ya udongo wa kiroba: shina linabadilika unene au rangi, kuna alama ya mkato wa mshazari au wa herufi V. Kama hakuna kovu, huo ni mche wa kokwa uliopandishwa bei. Kama nailoni ya kufungia bado ipo na inakata shina, itoe taratibu kwa wembe.

Tazama pia chini ya kiroba. Mzizi mkuu uliotoka nje na kuzama ardhini maana yake mche umekaa kitaluni mno, na siku muuzaji alipoung'oa aliukata. Usichague mrefu, chagua mnene kama penseli au zaidi, wenye majani ya kijani iliyoiva, usio na utando mweusi wala vidonge vyeupe mgongoni mwa majani. Mche ulio na maua au kiembe kimoja kinachoning'inia huwapendeza sana wanunuzi, na muuzaji anajua hivyo. Mche wa namna hiyo unatumia nguvu ambazo hauna. Ukiupenda, uuchukue, lakini hicho kiembe kitoe ukifika nyumbani.

Muulize muuzaji swali moja: kitawi hiki kilikatwa kwenye mti gani, na uko wapi? Mwenye kitalu anayejua kazi atakueleza hata usipotaka. Anayebabaika, mshukuru uondoke. Kwa anayepita Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, huuza miche ya matunda, na safari hiyo inalipa kama unataka uhakika wa aina.

Shimo na siku ya kupanda

Chimba Februari, upande mvua za Masika zikishashika, mwishoni mwa Machi hivi. Vuli nayo inafaa, ila Vuli ya Dar siku hizi haina ahadi, na baada yake kunakuja jua la Januari na Februari ambalo litakutaka na mpira wa maji kila baada ya siku mbili.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu, ule mweusi, weka kushoto. Wa chini weka kulia. Changanya wa juu na debe moja la samadi iliyooza, madebe mawili kama ni mchanga mtupu. Nasema iliyooza: ukiiingiza mkono isiwe na joto, na isinuke zizi. Mbolea ya kuku mbichi imeua miche mingi Dar kuliko wadudu wote nitakaowataja. Rudisha mchanganyiko huo shimoni na uuache wiki tatu utulie.

Siku ya kupanda, iwe jioni. Mwagilia kiroba kwanza, kipasue kwa wembe upande mmoja, kitoe bila kuvunja bonge la udongo. Mizizi iliyojizungusha kama chapati inyooshe au ikate. Mche ukae kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, kovu likiwa juu ya ardhi kabisa. Usilifukie. Shindilia kwa mikono, si kwa miguu. Simika kijiti pembeni, ufunge kwa kamba laini yenye mzunguko wa namba nane, maana upepo wa kusi hautakuonea huruma. Mimina ndoo nzima ya lita 20 hata kama mvua inanyesha, ili udongo ukamate mizizi.

Matandazo ya majani makavu, makumbi ya nazi au nyasi ulizofyeka yaweke kwa unene wa kiganja kuzunguka mche, lakini yaache nafasi ya sentimita 10 kutoka kwenye shina. Shina likivishwa matandazo linaoza, na mchwa wanapata mlango.

Mwaka wa kwanza mche unywe lita 20 mara mbili kwa wiki kusipokuwa na mvua. Njia niliyoiona ikifanya kazi kwa watu wanaorudi nyumbani saa tatu usiku ni dumu la maji lililotobolewa kwa pini chini, likafukiwa nusu kando ya mche. Unajaza asubuhi, linajichuruzisha lenyewe. Sheria ya kiu niliyoisema haiuhusu mche huu. Kiu ni kwa mti uliokomaa.

Aliyepanga nyumba na hataki kumwachia mwenye nyumba mti wake anaweza kutumia nusu pipa lenye matundu chini, na udongo uliochanganywa na samadi na mchanga. Mti utazaa kidogo, utahama naye.

Kuukata ungali mdogo

Hapa ndipo wengi wanaingiwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo inayoleta miembe ya mita 15 inayotupa embe juu ya bati la jirani.

Embe huzaliwa kwenye ncha ya tawi. Tawi moja refu lina ncha moja. Ukilikata, macho yaliyo chini ya mkato yanaamka na kutoa matawi matatu au manne, maana yake ncha tatu au nne. Kwa hiyo ukikata mti mchanga hupunguzi mavuno, unayaongeza.

Mche ukishashika na majani yake mapya yamekomaa, ukate ncha juu kidogo ya goti, sentimita 60 au 70 kutoka chini. Kwenye machipukizi yatakayotoka chagua matatu yanayotazama pande tofauti na yasiyotoka mahali pamoja. Mengine yavunje yakiwa laini. Kila moja likifika nusu mita, likate theluthi yake. Rudia tena kwa matawi yatakayofuata. Ukifanya hivi kwa miaka mitatu mti unakuwa kama mwavuli uliogeuzwa juu chini, uko wazi katikati, na una ncha nyingi unazozifikia kwa mkono. Safisha mkasi kwa spiriti au jiki kabla ya kuhamia mti mwingine.

Maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yatoe yote. Inauma, najua.

Na kila mwezi inama utazame chini ya kovu. Chipukizi lolote linalotoka hapo si embe lako, ni lile la kienyeji linadai shina lake. Jirani yangu mmoja aliliacha kwa sababu lilikuwa na afya nzuri. Ndani ya miaka miwili likaumeza mti wote, Apple yake ikabaki kitawi kikavu pembeni, na mwezi wa kumi na mbili akavuna viembe vidogo vya nyuzi. Alimlaumu aliyemuuzia. Nilimwonyesha kovu.

Mwaka wa mti uliokomaa

Embe zikishaisha, Februari na mwanzo wa Machi, ndio wakati wa mkasi. Toa matawi makavu, yanayosuguana na yanayoelekea ndani. Punguza ya juu ili mti usizidi mita 3 na nusu hivi. Kata kila ncha iliyozaa, pingili moja au mbili chini. Usivuke mwisho wa Machi. Tawi linalokatwa Mei hutoa majani Juni na Julai, na majani hayo mabichi hayawezi kuwa maua. Nimeona mti mzuri ukikosa mwaka mzima kwa sababu fundi bustani alikuja na panga wiki ya Sabasaba.

Mvua zikianza, mpe chakula: madebe matatu au manne ya samadi iliyooza, yaliyomwagwa kwenye duara chini ya ukingo wa mwavuli wa majani, ambako mizizi inayokula iko, si kwenye shina. Majivu ya jikoni nayo yanafaa, kiasi. Masika itafanya kazi iliyobaki. Mti utatoa majani mekundu, yatakuwa ya kijani, yatakomaa.

Mwishoni mwa Mei funga bomba. Kama una ukoka, uache ukoka ulio chini ya mwembe ugeuke rangi. Usiweke mbolea yoyote. Kati ya Juni na Agosti utaona ncha zimevimba, kisha mashada. Usishangae upande mmoja wa mti ukichanua na mwingine ukabaki na majani. Ni tabia ya mwembe, upande wa pili unaweza kufuata baadaye.

Shada moja lina maua mamia, hata maelfu, na litakupa embe moja, mbili au tatu. Yaliyobaki yanapukutika, na viembe vya ukubwa wa njegere navyo vitapukutika kwa wingi. Usimwite mtaalamu kwa ajili hiyo. Wanaochavusha mwembe ni nzi na nyuki, zaidi nzi, wale wa kijani tunaowafukuza. Kwa sababu hiyo usipulizie sumu ya wadudu mti ukiwa na maua.

Viembe vikifika ukubwa wa gololi, fungua bomba tena. Lita 100 hivi kwa wiki kwa mti wa kimo cha ngazi, zikienda taratibu. Maji yakija kwa kushtukiza baada ya kiu ndefu, embe zinapasuka.

Wanaokula kabla yako

Nitaanza na ukungu wa maua kwa sababu ndio unaoamua kama kutakuwa na la kulinda. Ubwiri unga ni ule ule wanaoujua wakulima wa korosho wa Mtwara: vumbi jeupe juu ya maua wakati wa kipupwe, kisha shada linakauka na kuwa jeusi. Salfa ile ya mikorosho inaufaa, asubuhi na mapema kabla ya jua kali, shada likianza kurefuka na tena baada ya wiki mbili. Chule ni mwingine, hupenda unyevu: madoa meusi kwenye majani machanga, maua na baadaye kwenye ngozi ya embe lililoiva. Mti ulio wazi katikati, unaopitisha upepo, hupata chule kidogo, na matawi makavu ukiyachoma umeondoa makazi yake. Dawa ya ukungu yenye shaba huja baada ya hapo, si kabla.

Kisha inzi wa matunda. Yule mkali kuliko wote alitoka Asia na kugunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa embe linaloelekea kukomaa na kutaga ndani. Kwa nje ni tundu la sindano, ndani ni mabuu. Hao mabuu hutoka kwenye embe lililoanguka, wanaingia ardhini, na baada ya siku chache wanaruka wakiwa inzi. Kwa hiyo silaha ya kwanza ni fagio: okota kila embe lililoanguka, kila siku, usilitupe kwenye mboji. Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku mwaka 2019, basi tumia ndoo yenye mfuniko iliyojaa maji, ziache humo wiki nzima, au zifukie zaidi ya nusu mita. Mitego ya kivutio cha madume inapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Inasaidia, ila ukiwa peke yako mtaani mwenye mtego unawasafishia majirani. Afadhali mwongee, mwokote wote.

Silaha ya pili ni mfuko. Embe likifika ukubwa wa yai, livishe mfuko wa kaki au wa gazeti lililokunjwa mara mbili, ufunge shingoni kwa uzi. Kwa mti wa kimo cha mtu ni kazi ya Jumamosi moja, na ndiyo maana nilikusumbua kuhusu mkasi. Mfuko huo huo unawapunguzia hamu kunguru, popo na komba. Wakulima wa cheri hufunika mti mzima kwa nyavu kwa ajili ya ndege. Sisi tuna kunguru wa kutoka India, na kunguru hujifunza.

Silaha ya tatu inauma. Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wanawafukuza inzi na kula wadudu wengi wanaotoboa matunda. Wazee wa minazi wanawajua na hawawaui. Wakihamia kwenye mwembe wako waache, ingawa wana kasoro: wanafuga vidung'ata na wadudu wa magamba ili wanywe utamu wao, na utamu huo ndio unaoleta masizi meusi juu ya majani. Masizi yakizidi, osha kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande. Wakati wa kuvuna, jipake majivu mikononi, uvune upesi.

Watoto wa mtaa na mawe yao sijapata dawa yake. Wape chache mapema.

Kuvuna

Novemba hadi Januari, na Keitt huenda mbele zaidi. Usisubiri rangi, maana embe nyingine hukomaa zikiwa kijani. Tazama mabega: embe changa mabega yake yanateremka kutoka kwenye kikonyo, lililokomaa yamejaa na kupanda juu yake, kikonyo kinaonekana kimezama. Kata moja la kujaribu; nyama ikiwa imeanza umanjano karibu na kokwa, mengine ya umri huo yako tayari.

Kata kwa mkasi ukiacha kikonyo cha sentimita chache, usivute. Kisha kata tena karibu na embe na uligeuze, mdomo chini, juu ya kichanja au nyasi, saa moja au mbili, utomvu uchuruzike bila kugusa ngozi. Utomvu huo huunguza: kwenye embe huacha michirizi meusi, kwenye midomo ya mtoto huacha vidonda. Zivundike kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu mbili, siku tatu hadi tano. Karibaidi, ile kemikali ya kuivishia embe kwa haraka, waachie wa sokoni.

Embe la mwisho likishashuka, mkasi uchovye kwenye jiki. Shemeji wa Goba alipanda Apple yake Machi mwaka jana, upande wa pili wa uwanja, mbali na ile pitanga. Juni hii ilitoa shada moja. Alinipigia simu kuniomba ruhusa ya kuliacha.

Nilimwambia alitoe.